Baba analisha paka maini mabichi kila siku, nami ni mjamzito

Assalamu alaykum Bi Mshauri,

Mimi ni mwanamke wa miaka 29, mzaliwa wa Mkomani hapa Amu. Nina mtoto mmoja wa miaka minne na sasa nina mimba ya miezi mitano. Tunaishi katika nyumba niliyoachiwa na marehemu mamangu, mimi, bwanangu, mtoto na babangu. Kwa desturi yetu bwanangu ndiye aliyekuja kwetu, si mimi niliyekwenda kwao. Nalitaja hili mapema kwa sababu ndipo penye uzito: nyumba ni yangu, baba ni wangu, paka ni wa mama, na aliyechoka ni mume.

Mama alifariki miaka miwili iliyopita. Alikuwa mtu wa paka hasa. Kila Ijumaa baba akirudi sokoni na nyama ya pilau, mama alikuwa akitoa kipande cha ini, akakaa kwenye ngazi ya daka na kisu chake kidogo cha mpini wa buluu, akawakatia paka vipande vidogo vidogo huku akiwasemesha kama wajukuu. Siku nyingine walikula vichwa vya samaki alivyovichemsha, vikachanganywa na ukoko wa wali.

Alipoondoka, baba akaishika kazi hiyo. Kila siku baada ya sala ya alfajiri hupitia soko la nyama pale karibu na Ngome, akarudi na nusu kilo ya maini ya ng'ombe yaliyofungwa kwenye gazeti. Paka ni watatu: Sultani, Pili na Shombo. Anawakatia mabichi, palepale kwenye ngazi, kwa kisu kilekile. Damu inachirizika kwenye jiwe, nzi wanajaa, na akimaliza hukiweka kibao chake jikoni kando ya mbuzi yangu ya kukunia nazi. Ni shilingi 300 kila asubuhi. Bwanangu ni fundi wa mashua, na kuna siku hizo 300 hazipati. Juzi sisi tulikula wali kwa kunde, paka wakala maini.

Mwezi uliopita nilipokwenda kliniki, nesi akaniuliza kama nyumbani mna paka. Nikamwambia watatu. Akanionya nijihadhari, kwamba wana mdudu anayeweza kumdhuru mtoto tumboni. Nilirudi nikilia njia nzima. Bwanangu aliposikia, ikawa amepata la kusema: ama paka watoke, ama yeye arudi kwao Matondoni mpaka nijifungue. Ameshasema atawatia kwenye gunia awavushe kisiwa cha Manda, ng'ambo ya maji. Baba akamjibu kwa hadithi ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia. Tangu siku hiyo wanasalimiana kwa lazima tu.

Nilimwomba baba angalau ayachemshe hayo maini. Akacheka. "Paka ana meno, mwanangu, hana jiko." Na katika kukata hunitengea na mimi kipande cha kukaanga, eti niongeze damu. Nashindwa kukataa.

Lililonifanya niandike ni Shombo. Ndiye mkubwa wao, ana miaka tisa. Kwa miezi mitatu sasa shingo yake imekakamaa. Ukimwita hageuzi kichwa, hugeuka mwili mzima. Mgongoni hajilambi tena, manyoya yamegandana. Zamani alikuwa akiruka mpaka kwenye kidaka cha juu ukutani, mama alikokuwa akiweka vikombe vyake vya kahawa. Siku hizi hulala chini yake tu. Baba anasema ni uzee, na humzidishia maini apate nguvu.

Sitaki kumvunja baba moyo, sitaki kumpoteza mume, na namwogopea mtoto. Nishike lipi?

Binti wa Mkomani, Lamu

*

Waalaykumu salaam, mwanangu.

Pole kwa kuondokewa na mama, na hongera kwa mimba. Miaka miwili si mingi kwa msiba wa namna hii, hasa ukiwa unapanda ngazi ileile aliyokuwa akikaa kila siku ya Mungu.

Barua yako ina vifundo viwili vilivyofungwa kwa kamba moja. Kimoja ni cha mimba, kingine ni cha maini. Nyumbani kwenu mnavifungua kwa pamoja, ndiyo maana kila mtu anavuta upande wake na hakifunguki hata kimoja. Niruhusu nivitenganishe.

Cha mimba kwanza, kwa kuwa ndicho kilichokuliza. Mdudu aliyekuonya nesi anaitwa toksoplasma, na hakukudanganya: mwanamke akimpata kwa mara ya kwanza akiwa na mimba, anaweza kumfikia mtoto. Paka naye humpata kwa kula panya, ndege au nyama mbichi yenye mdudu huyo. Akishaambukizwa humtoa kwa kinyesi, na kwa kawaida ni kipindi kimoja tu, cha wiki moja hadi tatu, kisha basi. Kinyesi hicho hakiambukizi papo hapo. Huhitaji siku moja hadi tano ndipo kiwe na madhara. Kwa hiyo nyumba ambayo mchanga wanaojisaidia paka unazolewa kila siku, na anayezoa si mjamzito, imeshapunguza sehemu kubwa ya hatari. Sultani kulala miguuni pako si jambo la kukutoa machozi.

Kuna jambo nesi huenda hakupata nafasi ya kulisema, maana foleni za kliniki tunazijua. Mwaka 2000 ulichapishwa utafiti wa wajawazito katika miji sita ya Ulaya, wakitafuta wanawake hao walimpata wapi mdudu huyu. Nyama isiyoiva vizuri ilibeba lawama kubwa zaidi, kati ya asilimia 30 na 63 ya maambukizi. Udongo ulikuwa nyuma yake. Ulaya si Amu, nakubali, lakini ndiyo maana nilipofika kwenye kile kibao chenye damu kando ya mbuzi ya nazi nilisimama. Nazi ikishakunwa na kukamuliwa, tui la kwanza wengi wetu hatulichemshi sana.

Kisha jiulize: wewe umezaliwa Mkomani, umekulia na paka. Huenda mdudu huyu mlishakutana zamani, ukaugua kidogo kama mafua bila kujua, na mwili wako ukajiwekea kinga. Mwanamke aliyempata muda mrefu kabla ya mimba, mtoto wake kwa kawaida huwa salama. Kipimo cha damu huweza kulionyesha hilo. Muulize nesi kwa jina lake, kipimo cha toksoplasma, na ukiambiwa hapo hakipo, uliza kinapatikana wapi. Pengine majibu yatabadilisha mazungumzo yote ya nyumbani, pengine hayatabadilisha kitu, lakini utakuwa unaogopa jambo unalolijua.

Hapo ndipo ninapoliona gunia la bwanako kuwa halimfikishi anakotaka. Amu hii! Ukivusha watatu Manda, wiki haiishi kuna wengine watatu wamelala darini, nao hujui wamekula nini. Na wale waliozoea kukatiwa kwenye ngazi, huko Manda watajitafutia vipi? Hadithi aliyoitaja baba ni sahihi, imo katika Bukhari na Muslim, na aliyelaumiwa ndani yake ni mwanamke aliyemfungia paka asimlishe wala asimwache ajitafutie. Lakini na baba naye tumwambie kwa adabu: hadithi hiyo haikusema paka alishwe nini.

Ila bwanako usimwone mkatili upesi. Mtazame alipokaa. Yuko katika nyumba ya mkewe, na mkwewe yuko chumba cha pili. Hawezi kumwambia mzee, "Baba, hizo 300 zinaniuma." Hawezi kusema, "Humu ndani paka wana haki kunishinda." Nesi alipotaja mdudu, alipata kwa mara ya kwanza neno ambalo mwanamume anaweza kulisema bila kuonekana mchoyo. Yawezekana nakosea. Lakini umewahi kumuuliza, mkiwa wawili, kama paka wangekuwa hawana mdudu kabisa angekuwa radhi? Jibu lake likija polepole, utajua.

Sasa maini. Mimi si daktari wa mifugo, na Shombo anahitaji daktari wa mifugo. Lakini ulivyomwelezea, shingo isiyogeuka, mgongo usiolambwa, kuruka kulikokwisha, na juu yake miaka miwili ya maini kila asubuhi, inafanana mno na ugonjwa unaojulikana kwa paka wanaolishwa maini kupita kiasi. Unatokana na vitamini A.

Mimi na wewe tunakula papai, embe na karoti, na mwili wetu unajitengenezea vitamini A humo. Paka hawezi. Lazima aipate ikiwa tayari, kutoka kwa mnyama mwingine, na mnyama huihifadhi katika ini. Ndiyo maana kipande cha ini ni chakula kizuri kwa paka, na mama hakukosea. Shida ni kwamba vitamini hii ikizidi haitoki na mkojo. Inajikusanya. Kwa miezi na miaka, mifupa ya shingo na ya mabega huanza kuota vinundu, na mwisho pingili hushikana. Hesabu ya nyumbani kwenu ni hii: gramu 100 za ini la ng'ombe zina kama miligramu 5 za vitamini A, na mwanamume mzima anahitaji chini ya miligramu 1 kwa siku. Nusu kilo kwa paka watatu ni zaidi ya gramu 160 kwa kila mmoja. Shombo, na udogo wake wote, anapewa kila asubuhi zaidi ya mara nane ya kinachomtosha babako. Na tangu aanze kuumwa, anaongezewa.

Na kuchemsha hakuondoi vitamini A. Kwa hiyo wewe na baba mmegombania sufuria, na tatizo la Shombo liko kwenye mizani.

Tena kwenye sufuria baba ana sehemu yake ya haki. Paka ni mla nyama wa kweli. Kuna kitu kiitwacho taurini, ambacho asipokipata chakulani, moyo hulegea na macho huharibika. Mwaka 1987 watafiti wa Marekani waligundua paka waliokuwa wakipata ugonjwa wa moyo ilhali wanakula chakula cha viwandani, na kilichopungua kilikuwa hicho. Nyama ikichemshwa, taurini nyingi hubaki kwenye supu, na ukiimwaga supu umeimwaga nayo. "Paka ana meno" si neno la kipuuzi. Lakini nyama mbichi ina vijidudu vya kuhara na huyo toksoplasma tuliyemtaja, na kwa joto letu, ini lililoachwa kwenye ngazi mpaka saa tatu si ini tena. Hata firigisi na nyama ya kuku mbichi, ambazo watu hudhani ni nyepesi, zina mambo yake: Poland mwaka 2023 paka wengi walikufa kwa homa ya ndege, na nyama mbichi ya kuku ikashukiwa. Basi kuchemsha kidogo na kuwapa pamoja na supu yake kunawafaa watu wa nyumba zaidi kuliko kunavyomfaa Shombo. Nalo ni jambo, mradi usilitarajie limtibu.

Nikurudishe kwenye maneno yako mwenyewe. Umeandika kwamba mama alikuwa akiwapa ini Ijumaa. Ijumaa tu. Siku nyingine vichwa vya samaki na ukoko. Babako haendelezi desturi ya mama, mwanangu. Ameifanya kila siku kuwa Ijumaa.

Nadhani sote wawili tunajua kwa nini. Ile ngazi, kile kisu, wale paka wanaokuja mbio wakisikia gazeti linafunguliwa: hapo ndipo anapokutana naye. Ukimwendea na maneno ya nesi au ya mkwewe, atasikia kwamba wanataka kumfungia mlango huo. Ukimwendea na mama je? Kumuuliza, "Baba, mama alikuwa akiwapa nini Jumamosi?" si sawa na kumwambia aache. Hapo pana hatari yake pia, sikufichi. Anaweza kuhesabu mwenyewe na kugundua kwamba kwa mapenzi yake amemuumiza paka wa mkewe. Mzee wa umri huo akilijua hilo ghafla, na kutoka kwa bintiye, linaweza kumlemea. Pengine la Shombo amwambie daktari wa mifugo, mtu wa nje, wewe ukiwa umemsindikiza tu. Na daktari huyo atamwambia pia lenye faraja: mifupa iliyokwisha kushikana hairudi ilivyokuwa, lakini maini yakikoma maumivu hupungua na ugonjwa kwa kawaida hausongi mbele.

Mkikubaliana kubadili, msibadili kwa siku moja. Paka aliyezoea maini hugoma. Atanusa sahani, akuangalie kama mgeni, aende zake. Na paka si wa kushindishwa njaa: akikaa siku mbili tatu bila kula, hasa aliyenenepa, mafuta hulivamia ini lake naye huugua vibaya. Wapunguzieni kidogo kidogo kwa wiki mbili tatu, mkichanganya na moyo wa ng'ombe, ambao una taurini nyingi, na samaki. Samaki wachemsheni, kwa kuwa baadhi yao wakiliwa wabichi kila siku huharibu vitamini B1 na paka huanguka kifafa. Dagaa wa kuchemsha wanaliwa na mifupa yao laini, na nyama tupu isiyo na mfupa haina kalisi ya kutosha. Mifupa ya kuku iliyopikwa hapana, hupasuka kama vijiti. Ng'onda ana chumvi mno. Shombo asile ini hata kidogo mpaka daktari aseme, na hiyo itakuwa kazi ngumu siku ya Ijumaa, wenzake wakikatiwa yeye akitazama.

Kuhusu kipande anachokutengea baba: Uingereza wajawazito huambiwa wasile maini kabisa, kwa sababu ya hiyohiyo vitamini A. Kwetu manesi wengi huyasifu kwa ajili ya damu. Mwambie nesi wako ni mara ngapi kwa wiki unakula na umsikilize, na kikiwa cha kuliwa basi kiive mpaka ndani. Damu huongezwa pia na zile kunde ulizozilalamikia.

Ama bwanako kwenda Matondoni mpaka ujifungue, sioni vibaya kulizungumza, lakini mlipime vizuri. Miezi minne nyumba ikiwa na wewe, mtoto, mzee na paka watatu, nani atazoa mchanga? Na akirudi, atarudi akiwa amesogea au amekuwa mgeni zaidi? Huenda yeye na baba wanahitaji kazi moja ya kuifanya pamoja kuliko suluhu ya maneno. Fundi wa mashua anaweza kumtengenezea mzee meza ndogo ya kukatia pale nje, yenye ubao wake na kindoo chake cha maji na sabuni, jikoni kusiingie kitu. Sikuagizi. Nakutupia wazo tu, unawajua wewe.

Ijumaa ijayo kaa na baba kwenye ngazi, kama tumbo litakuruhusu. Muulize mama alikuwa akikata vipande vikubwa kiasi gani, na alikuwa akiwaambia nini. La nesi siku hiyo liache ndani. Kisha niandikie alivyojibu, na unipe habari za Shombo.

Kile kibao cha jikoni kiondoe leo kabla ya magharibi. Hicho hakihitaji ruhusa ya mtu.